Kikohozi Chapashwa Moto

Jumatatu, 3 Juni

Siku mbaya. Imeanza na kikao.

Meneja ametukusanya waangalizi wote wa visima gereji, akapanda juu ya kreti la soda ili aonekane. Kasema gesi imepungua. Kasema kuna visima vinavyofanya kazi na kuna visima vinavyokula umeme bure. Alipofika hapo akanitazama. Nikageuka nyuma nione anamtazama nani. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Kwa kifupi: kisima dhaifu kuliko vyote kitafungwa mwisho wa mwezi, na mwangalizi wake atahamishiwa kituo kipya, mbali huko. Mke wangu amekwishatoa msimamo. Mama yake yuko hapa, kaka yake yuko hapa, wateja wa cherehani yake wako hapa. Nikihamishwa, nihamishwe na sufuria yangu. Na mimi kupika sijui! Mara ya mwisho nilibandika wali, jirani akaja mbio na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua.

Kisima changu ni cha nne. Wenye midomo wanakiita Kikohozi, maana pampu yake haingurumi kama za wenzake. Inakohoa, inanyamaza, inafikiri, inakohoa tena. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Chini ya miguu yetu kuna tabaka la makaa ya mawe yasiyochimbwa na mtu. Ndani ya makaa kuna gesi, methani, hiyo inayowasha majiko mjini. Pampu inatoa maji chini, gesi inapata nafasi, inapanda bombani, inapita kwenye mita. Mimi naangalia mita. Kwa wenzangu mshale unazunguka. Wangu unatafakari.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye mwangalizi wa Kisima cha Pili. Mshale wake unazunguka mpaka watu wamembatiza Bwana Feni. Tena anapiga mluzi akiwa kazini! Jioni kaja kwetu na kopo la grisi. Kasema, shemeji, jaribu kuipaka hii, huenda mgonjwa wako akapata nafuu.

Unafiki mtupu. Grisi nimeipokea.

Jumanne, 4 Juni

Habari imevuja jikoni kwa Meneja: Alhamisi anakuja mhandisi kutoka makao makuu kupima visima vyote.

Mpango umenijia nikipiga mswaki. Mwaka jana mafundi walifunga valvu yangu siku nzima wakibadilisha bomba. Walipoifungua, gesi iliyokuwa imejibana kule chini ilitoka kwa fujo na mshale ukazunguka kama umeona nyoka. Ulidumu muda wa kunywa chai, kisha ukarudi kwenye tafakuri zake. Sasa basi! Kesho mchana nafunga valvu. Alhamisi gari la mhandisi likifika getini, nafungua. Atakachokiona atakiandika. Alichokiandika ndicho kitakachokuwa kweli.

Mke wangu kaniuliza kwa nini nacheka na povu mdomoni. Nikamwambia nimekumbuka siku ya harusi yetu. Kasema siku ile sikucheka hata kidogo, nilikuwa na jino bovu.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi!

Mhandisi ni msichana. Umri wa binti yangu mkubwa, buti kubwa kuliko miguu, kofia nyeupe ya kazi inayong'aa. Kanisalimia, "Shikamoo, mzee." Mzee! Mimi! Nimeitika kwa ubaridi.

Lakini mshale! Nilifungua valvu gari lilipokuwa likiegeshwa, na mshale ukaruka. Bomba lilitetemeka. Hata mimi niliogopa kidogo. Mhandisi akainama, akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Kauliza kama kila siku ni hivi. Nikamjibu leo kimeamka na uchovu, kwa kawaida ni zaidi.

Kasema, "Hongera, mzee. Kisima chako kina afya." Akaandika. Akaondoka kabla mshale haujaanza kuzubaa. Sikuwa na haja hata ya kusimama mbele ya mita kuificha, ingawa nilisimama.

Nilikwenda mbio kwa shemeji kumpasha habari. Kaweka spana chini, kanikumbatia na mafuta yake yote, akasema wiki nzima hana raha kwa kuniwazia mimi na dada yake. Anajua kuficha wivu yule bwana.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwisha.

Kikao kingine, kreti lile lile. Safari hii kasimama Mhandisi, na Meneja kashikilia kreti lisicheze. Kasema hakuja kufunga visima. Amekuja kujaribu joto.

Nieleze kama alivyoeleza. Kasema gesi haikai ndani ya makaa kama maji ndani ya chupa. Imenata. Imejigandisha kwenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, kama mafuta yaliyoganda kwenye sufuria. Ukiosha sufuria ile kwa maji baridi unajichosha. Ukiosha kwa maji ya moto, mafuta yanaachia yenyewe. Makaa nayo ni hivyo hivyo: yakipata joto, gesi inachangamka, inaachia, na vijia vya kupitia vinafunguka. Amejaribu maabara kwa vipande vya makaa na imefanya kazi. Sasa anataka kujaribu ardhini. Litaletwa boila, mtambo wa kuchemsha maji, mvuke utashushwa kwa tundu la pembeni mpaka kwenye tabaka, kisima kifungwe kiive polepole, kisha kifunguliwe.

Anataka kisima kilicho juu ya tabaka nene, na viko viwili tu: cha pili na cha nne. Na kati ya hivyo viwili, anataka kilicho DHAIFU.

Kasema kisima kitakachochaguliwa kitapata pampu mpya, kibanda kipya, na mwangalizi wake atakuwa msaidizi wa jaribio mwenye kofia nyeupe. Na kwa kuwa jana Kisima cha Nne kimeonyesha nguvu za ajabu, basi itakuwa cha Pili.

Nilinyoosha mkono. Nikasema huenda tangu jana kisima changu hakijisikii vizuri. Meneja akaniuliza, si mimi niliyesema kimeamka na uchovu tu? Gereji nzima ikacheka. Shemeji hakucheka. Alikuwa ananitazama kwa huruma, jambo ambalo ni baya zaidi.

Nimekaa jikoni nikipiga hesabu zangu. Kikohozi hakitapashwa moto kwa sababu kina nguvu. Na mwisho wa mwezi Meneja akisoma mita, kitafungwa kwa sababu hakina.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepumua. Mlango uko wazi bado. Mhandisi atapima mara ya mwisho Jumatatu asubuhi kabla boila halijateremshwa kwenye lori. Kinachotakiwa ni Kikohozi kionekane dhaifu.

Mtu wa kawaida angesema, si ukiache tu kama kilivyo? Huyo ni mtu asiyefikiri mbele. Je, kikiwa na siku njema? Je, mshale ukaamua kunitia aibu? Sikutaka kubahatisha. Nimekwenda nikaikaza valvu. Kidogo tu. Halafu kidogo tena, kwa usalama. Halafu nikaning'inia kwenye gurudumu lake kwa uzito wangu wote, kwa uhakika.

Jumapili, 9 Juni

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Shemeji kaja amevaa kofia nyeupe. Wamempa mapema! Mama mkwe kasema inampendeza, inamfanya aonekane na shingo. Watoto wa shemeji wakapokezana kuivaa.

Kanipa nijaribu. Sikutaka. Nikaijaribu. Nikajitazama kwenye kioo cha kabati, upande huu, upande ule. Imenikaa sawasawa, kama nilipimiwa. Mke wangu kaniona, akasogea, akanirekebishia mkanda chini ya kidevu. Kisha ikabidi niirudishe.

Nyama sikuisikia ladha.

Jumatatu, 10 Juni

Sijui nianzie wapi.

Mhandisi kafika na Meneja. Mshale wa mita: sifuri. Si udhaifu, sifuri! Kaigonga mita kwa ukucha. Kaweka sikio kwenye bomba. Akanigeukia akasema, "Pole sana, mzee," kwa ile sauti ya msibani. Meneja akavua kofia.

Kasema kisima kinachotoka kwenye nguvu zile hadi kwenye kifo ndani ya siku chache, bila shaka kimebomoka huko chini. Tundu lililobomoka halishushiwi mvuke. Halifai kwa jaribio, halifai kwa gesi, halifai kwa lolote. Akashauri kifungwe sasa, bila kungoja mwisho wa mwezi.

Wakati wanazungumza nilipeleka mkono nyuma nikazungushe valvu kidogo, kimyakimya, kiamke japo kwa dakika. Gurudumu halikusogea. Nikavuta. Halikusogea. Nikaliegemea, nikalisukuma kwa mgongo. Meneja kauliza kama nawashwa.

Niliikaza mno. Na kopo la grisi liko nyumbani.

Wamefunga mnyororo kwenye geti la kisima changu. Nyumbani nimesema nina mafua.

Jumanne, 11 Juni

Mpango mwingine, na huu ni wa kisayansi kabisa. Kama joto ndilo linalotakiwa, kwani joto ni mali ya Mhandisi? Nitakipasha moto mwenyewe! Kikiamka, watafungua mnyororo kwa mikono yao wenyewe huku wakiniomba radhi.

Nimechukua masufuria yote makubwa ya mke wangu, pamoja na lile la shughuli, nikayapakia kwenye toroli. Nikaruka geti. Nikawasha kuni nyuma ya gereji ya zamani, mbali na bomba. Sina elimu lakini wazimu sina. Maji yakichemka, nayapeleka kwa toroli mpaka kwenye tundu la pembeni, namimina.

Kati ya gereji na kisima kuna mashimo. Maji yaliyoanza safari yakitokota yalifika vuguvugu, na yaliyofika yalikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa ndani ya buti zangu. Nimeungua kifundo cha mguu. Sikukata tamaa. Nikamimina, nikarudi, nikachemsha, nikamimina.

Mara nasikia mluzi. Shemeji! Kasimama nje ya geti na kofia yake nyeupe. Katazama moto, toroli, masufuria ya dada yake, mimi. Nilijiandaa kwa maswali. Hakuuliza hata moja. Kavua kofia, kaitundika kwenye geti, karuka ndani, kashika sufuria upande wa pili. Tumebeba maji pamoja mpaka jua limepinda. Nilimwambia arudi kwenye kisima chake. Kasema cha kwake kinajiendesha.

Mwisho Kikohozi kikakohoa mara moja, kirefu, kama mzee aliyeamshwa. Pampu ikatapika matope juu yetu. Ikanyamaza. Tumeizamisha.

Shemeji kajifuta uso, kazunguka nyuma, kaishika valvu. Kanitazama.

"Shemeji, hii imefungwa."

Nikasema labda ni upepo.

"Upepo."

"Ndiyo."

"Upepo umezungusha gurudumu la chuma mpaka likaganda."

Nikasema huku kwetu kuna upepo wa ajabu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye matope, akajishika mbavu, machozi yakamchuruzika. Sikuona cha kuchekesha. Kisha akachomoa kopo jingine la grisi mfukoni, akaipaka, tukaishika wawili, tukaifungua. Mshale ukasogea. Polepole, kivivu, kama siku zote. Kikohozi changu!

Nimemwapisha asiseme kwa mtu. Kaapa. Masufuria yote ni meusi.

Jumatano, 12 Juni

Meneja kaniambia nifungashe. Lori la kituo kipya linaondoka Jumatano, tarehe 26. Nilijaribu kueleza kwamba kisima kimefufuka. Kasema pampu iliyojaa matope haijafufuka, na je, nani kawasha moto nyuma ya gereji? Nikasema upepo. Sikuweza kufikiri kingine.

Nilimwambia mke wangu akiwa kwenye cherehani. Mguu wake ukasimama.

Hakusema kitu juu ya masufuria. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kainuka, kanivuta jikoni, akaanza kunifundisha kupika wali. Maji kiasi hiki. Usifunue funue. Moto ukiwa hivi, punguza. Mimi nafunua. Ananipiga kofi mkononi. Nafunua tena. Wali ukaungua chini na ukabaki mbichi juu, kwa wakati mmoja. Kautazama sana ule wali. Akageukia dirisha akawa anajifuta macho kwa mkono wa gauni, akasema ni moshi.

Kisha kaniuliza, bila kugeuka, "Baba watoto, umekifanyia nini kile kisima?"

Nikasema ni mambo ya kitaalamu.

"Niambie kwa lugha ya wasio wataalamu."

Nikamwambia. Yote. Nilipofika kwenye upepo, mabega yake yalianza kutikisika. Sikujua analia au anacheka, nadhani vyote. Kavua futi ya kupimia nguo shingoni, kajitanda mtandio, kachukua viatu vizuri. Nilimuuliza anakwenda wapi. Kasema anakwenda kununua uzi.

Uzi umejaa kabati zima.

Alhamisi, 13 Juni

Hakununua uzi. Alimpitia kaka yake, wakaenda wote wawili nyumba ya wageni kwa Mhandisi. Shemeji anasema hakuvunja kiapo: aliapa kutosema, naye hakusema, alikuwa anatingisha kichwa tu mke wangu aliposema.

Asubuhi Mhandisi kaja peke yake kwenye kisima. Kafungua mnyororo, kageuza ndoo juu chini, kakaa. Nikabaki nimesimama kama mwanafunzi.

"Mzee, kisima chako kikoje? Bila kukipamba na bila kukizika."

"Dhaifu."

"Dhaifu kiasi gani?"

"Mshale unatafakari."

Akauma midomo. Kasema, "Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu siku niliyoshuka kwenye gari."

Halafu kasema jambo lililonipa nguvu. Kasema gesi iliyotoka kwa fujo Alhamisi ile inaonyesha kwamba gesi chini ipo, tena nyingi. Tatizo ni kwamba haiachii haraka. Kwa maneno mengine, nimelisaidia jaribio! Nilimwambia hivyo. Kasema asingependa nilitazame kwa namna hiyo. Nalitazama kwa namna hiyo hiyo.

Shemeji kaniletea kofia nyeupe. Kaifuta matope kwanza. Kasema kichwa chake kilikuwa kinatoka jasho. Ni wazi madaraka yamemwelemea, nimempokelea mzigo. Mkanda aliuacha vile vile alivyouweka dada yake siku ile, kwa kipimo changu. Nilimwambia asante. Sauti ilitoka vibaya, nikakohoa, akasema sasa naanza kufanana na kisima.

Meneja kasikia yote. Kakubali kwa shingo upande. Kwanza nisafishe gereji. Pili, joto likishindwa, lori bado lipo na nafasi yangu bado ipo.

Jumatatu, 17 Juni

Boila limewashwa! Kubwa, la kijivu, linanguruma mpaka meno yanagongana. Mvuke unaingia kwenye bomba lililofungwa blanketi za kuzuia joto lisipotee, unashuka tundu la pembeni. Ile ndiyo njia yangu ya masufuria, ila bila toroli. Nimemweleza Mhandisi kwamba wazo tumelipata pamoja. Kaniambia nisogee nyuma ya mstari mwekundu.

Kazi yangu: kusoma kipimajoto cha boila na kumwita kikipanda. Kazi yangu isiyo yangu: kugusa valvu ya kisima. Kanikataza mara nyingi, kwa sauti mbalimbali.

Mke wangu kaleta kigoda, kakaa kati yangu na valvu, anashona vifungo. Kasema amefuata jua. Nyumbani kwetu jua lipo. Ni raha kuwa naye.

Ijumaa, 21 Juni

Mvuke bado. Kisima kimefungwa kinaiva. Hakuna cha kutazama, hakuna cha kusoma, na ninatakiwa kutazama na kusoma.

Naiwaza gesi ile. Imekaa gizani imeng'ang'ania makaa tangu kabla hajazaliwa mtu, haijawahi kusikia joto hata siku moja, leo inaletewa. Nami ningeachia. Nimemwambia mke wangu. Kasema hilo ndilo jambo zuri kuliko yote niliyowahi kusema, tena nimelisema juu ya gesi.

Shemeji anapita kila jioni. Hapigi mluzi akifika hapa. Anaogopa kukiamsha.

Sufuria la shughuli limesuguliwa likawa jeupe. Nimesugua mwenyewe. Kwa maji ya moto. Mhandisi ni msema kweli.

Jumatatu, 24 Juni

Leo.

Walikuja wote. Meneja, mafundi, mama mkwe na mwavuli wake. Mhandisi alikuwa anauma kucha. Sikujua kama na yeye huogopa. Alinisogelea akasema taratibu, kama hakisemi kitu leo, makao makuu hawatampa boila tena. Kumbe tulikuwa wawili kwenye lori lile.

Kanipa ishara. Mimi! Nikashika gurudumu. Shemeji alikuwa amelipaka grisi jana, lilizunguka kwa vidole viwili.

Yakaja maji, ya moto, yenye mvuke. Pampu mpya ikayavuta. Mshale: kimya. Maji. Mshale: kimya. Meneja akatazama saa. Mama mkwe akafunga mwavuli. Nikaanza kuwaza maji kiasi hiki, usifunue funue, moto ukiwa hivi, punguza.

Kisha Kikohozi kikakohoa.

Mara moja. Bomba likaguna. Mshale ukastuka, ukasimama, nikasema basi, ndiyo ile ile ya kunywa chai. Ukastuka tena. Ukaanza kuzunguka. Nilingoja uchoke. Haukuchoka. Fundi mmoja kaenda kula, karudi, unazunguka. Mhandisi kapima, kapumzisha, kapima tena, akakaa chini pale pale kwenye vumbi na buti zake akawa anacheka peke yake. Mshale ulizunguka mpaka jioni na pampu haikukohoa tena. Ilikuwa inanguruma, nzito, sawasawa, kama za wenzake.

Shemeji kaninyanyua juu. Mgongo wangu ulilia. Mke wangu alikuwa ameshika kifungo na sindano bila uzi, anatazama mita kama anatazama mtoto anayetembea kwa mara ya kwanza.

Macho yangu yalikuwa na mvuke. Ulikuwa mwingi sana leo.

Jumatano, 26 Juni

Kikohozi kimekipita Kisima cha Pili! Meneja kapanda kreti akasema hakuna kisima kitakachofungwa mwezi huu. Lori limeondoka bila mimi. Boila litahamia kwa shemeji mwezi ujao, na cha kwake nacho kikapashwe. Nimemwahidi kumpa ushauri. Kanishukuru, kasema atauhitaji sana, hasa kuhusu upepo.

Mhandisi kaaga. Kanipa mkono, kasema, "Mzee, jaribio linalofuata ukitaka kunisaidia, niambie tu mita inasema nini."

Nikamjibu kwamba huo ndio msimamo wangu tangu ujana. Kafika kwenye gari bado anacheka. Mtoto mzuri. Mzee, anasema! Si neno baya ukilizoea.

Jumamosi, 29 Juni

Siku tulivu. Nyumbani kuna jambo dogo.

Mama mkwe ametuletea kuku wanne, zawadi ya Kikohozi. Mke wangu anawapenda kupita kiasi, amewashonea pazia la banda. Lakini hawatagi. Kila asubuhi anachungulia, anarudi mikono mitupu, na uso wake unanyong'onyea. Leo kaniambia nikiamka mapema kesho nimwangalizie, nimwambie ukweli, kama hakuna basi atawarudisha kwa mama yake wakapate banda lenye nafasi.

Warudishwe? Baada ya pazia?

Nimelifikiria kwa makini, kama mtu aliyepitia sayansi. Mchana nimepita dukani, nimenunua mayai. Nitayaweka kwenye majani kabla hajaamka. Atafurahi, kuku watabaki, hakuna atakayeumia. Hakuna valvu, hakuna pampu, hakuna boila, hakuna kinachoweza kuharibika. Kila yai lina muhuri mwekundu wa kiwanda na tarehe, lakini ni mdogo tu.

Nani anasoma yai?